Morogoro: mji kasoro bahari, mji wa vyuo

Na Mwandishi Wetu

Msemo "mji kasoro bahari" umezoeleka sana masikioni mwa Watanzania. Mtu akiusikia hahitaji kuuliza ni mji gani unaosemwa. Ni Morogoro, mji uliolala miguuni mwa milima ya Uluguru, kiasi cha kilomita 190 magharibi ya Dar es Salaam. Walioubuni msemo huo walikuwa na maana kwamba Morogoro umejaliwa kila jema: milima, mito, matunda, mashamba na muziki. Kilichopungua ni bahari tu.

Mwandishi wa makala haya anathubutu kusema kwamba katika orodha hiyo ya neema kuna moja ambayo aghalabu husahauliwa, nayo ni elimu. Ni miji michache mno katika nchi yetu iliyobeba vyuo na shule nyingi zenye historia ndefu kama Morogoro. Hata hivyo, wasafiri wengi huuona mji huu kwa dirishani tu, wakiwa njiani kwenda Dodoma au Iringa, wakaondoka na mkungu wa ndizi na mfuko wa machungwa wakidhani wamekwisha kuiona Morogoro.

Wenzetu wa Marekani wana desturi ya kuwapeleka watoto wao Boston, mji mkongwe wa pwani ya mashariki ya nchi yao. Ng'ambo ya mto wa mji huo, mahali paitwapo Cambridge, kipo chuo cha Harvard kilichoanzishwa mwaka 1636. Boston wenyewe ulikuwa na umri wa miaka 6 tu, na wakazi wake walikuwa bado wanahangaika na baridi na njaa, lakini walikwisha kuamua kwamba chuo hakiwezi kungoja. Wazazi huwatembeza watoto katika vichochoro vya mji huo, wakawaonyesha madarasa na majengo ya kale, ili mtoto akue akijua kwamba elimu ina mahali ilipotoka.

Je, sisi tutawapeleka wapi watoto wetu? Jibu halihitaji ndege wala pasipoti. Tuwapeleke Morogoro.

SAFARI YENYEWE

Zamani safari ya Morogoro ilikuwa ya kutwa nzima. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, na kwa miaka mingi gari la moshi ndilo lililokuwa tegemeo la wasafiri. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inayopita katika reli mpya humfikisha abiria kwa muda usiotimia saa mbili. Wanaopenda barabara wana mabasi yanayoingia na kutoka katika stendi ya Msamvu tangu alfajiri hadi usiku.

Kwa njia yoyote atakayoifuata, mgeni huanza kupokewa na milima kabla ya kupokewa na mji. Uluguru hujitokeza upande wa kushoto, kwanza kama wingu la bluu, kisha kama ukuta wa kijani. Kilele cha Bondwa, chenye minara ya mawasiliano, huonekana vizuri kutoka mjini, na jirani yake ni Lupanga. Nyuma ya hivyo viwili, upande wa kusini usioonekana kutoka mjini, kipo Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote katika milima hiyo, kinachopita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari.

MJI WA SIMBAMWENE

Ni vema mgeni ajue kwamba mji huu haukuanzishwa na Wajerumani. Katikati ya karne ya 19, kiongozi mmoja wa Kizigua, Kisabengo, alikusanya watu wa kila namna, wakiwamo waliotoroka utumwa, akajenga hapa mji wenye ukuta na minara ya mawe. Mji huo uliitwa Simbamwene. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ililazimika kupita jirani nao na kulipa hongo.

Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1871 akimtafuta Dk. Livingstone, aliukuta mji huo ukiwa imara, na aliandika habari zake katika kitabu chake cha safari hiyo. Jambo moja analolieleza linafaa kusomwa na mabinti zetu: mtawala aliyemkuta hakuwa mwanamume. Alikuwa ni binti wa Kisabengo, aliyerithi utawala baada ya baba yake. Stanley alipokuwa akirejea pwani mwaka 1872 alikuta mafuriko makubwa yamekwisha kuubomoa sehemu ya mji huo.

Baada ya hapo wakaja wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao hapa mwanzoni mwa miaka ya 1880, kisha utawala wa Wajerumani, na Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza yakauteka mji. Kila aliyekuja alijenga shule au alifunga shule, kwa kadiri ya haja zake. Kilakala, shule mashuhuri ya wasichana, ilianzishwa na masista wa Maryknoll kutoka Marekani kwa jina la Marian College. Kigurunyembe ni chuo cha ualimu kinachojulikana nchi nzima. Mzumbe ni shule ya sekondari ya wavulana ambayo jina lake halihitaji maelezo kwa mzazi yeyote aliyewahi kungoja matokeo ya mtihani wa Taifa.

CHUO KILICHOZALIWA SHAMBANI

Mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, Serikali ilifungua Morogoro chuo cha kilimo kilichotoa stashahada. Msomaji akumbuke habari ya Boston na miaka yake 6. Nasi tulikuwa nchi changa, yenye wataalamu wa kuhesabika kwa vidole, lakini tuliona kwamba taifa la wakulima lisilokuwa na chuo cha kilimo ni sawa na mvuvi asiye na nyavu.

Chuo kile kikakua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kikafanywa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika miaka ya 1970 yakaongezwa mafunzo ya misitu na ya tiba ya mifugo. Hatimaye, kwa Sheria namba 6 ya mwaka 1984, kikawa chuo kikuu kamili kuanzia Julai 1 mwaka ule.

Chuo hicho kilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki dunia kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984, karibu na Dakawa, katika barabara ya kutoka Dodoma kuja Morogoro. Watu wazima wa wakati ule wanakumbuka walikuwa wapi redio ilipotangaza msiba huo. Kulipa jina lake chuo cha kilimo, katika mkoa ule ule alimopotezea maisha, kulikuwa na maana kwa kila mwananchi. Leo wakazi wengi hawalitamki jina lote la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Husema SUA tu, kwa kuunganisha herufi kama jina la mtoto wa nyumbani.

Mgeni anayeingia katika kampasi kuu, iliyopewa jina la Edward Moringe, asitarajie kuona majengo ya fahari. Atakachokiona ni mabwawa ya samaki, mashamba ya mfano, mabanda ya mifugo na vijana waliovaa mabuti ya mpira. Mlima umesimama nyuma yake kama mwalimu mkuu anayelitazama gwaride la asubuhi.

MAZIMBU NA WANA WA SOWETO

Nje kidogo ya mji kuna kampasi ya pili ya SUA, na huko ndiko mwandishi wa makala haya angewashauri wazazi wawapeleke watoto kabla ya mahali pengine popote. Jina lake ni Mazimbu.

Hapo palikuwa na shamba la katani. Mwaka 1976 watoto wa shule wa Soweto, Afrika Kusini, walipoandamana wakikataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana, walipigwa risasi na askari wa utawala wa makaburu, na maelfu ya vijana wakaikimbia nchi yao. Walihitaji mahali pa kulala, lakini zaidi ya hapo walihitaji shule. Mwaka 1977 Tanzania ikakipatia chama cha ANC eneo la Mazimbu. ANC hawakuwa wageni Morogoro. Mkutano wao mkubwa wa mwaka 1969, uliokifungulia chama hicho ukurasa mpya katika vita vya ukombozi, ulifanyika katika mji huu huu.

Shule ile ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa ANC aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Walimu, wanafunzi na wahisani wa nchi mbalimbali walishirikiana na wenyeji kujenga madarasa, mabweni, hospitali, karakana na shamba la kulisha jumuiya nzima. Mwaka 1985 kiongozi wa ANC, Oliver Tambo, aliifungua rasmi. Ubaguzi ulipoanza kuporomoka na wakimbizi walipoanza kurejea kwao, mwaka 1992 ANC iliikabidhi Mazimbu kwa Serikali ya Tanzania, ikawa sehemu ya SUA. Leo kampasi hiyo inaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu.

Lakini hawakurejea wote. Yapo makaburi Mazimbu, yenye majina ya Kizulu, Kixhosa na Kisotho, ya watu waliokufa wakiwa ugenini wakiingojea siku ya kurudi. Mtoto akisimama mbele ya makaburi hayo, akasoma miaka iliyochongwa juu yake na kujua kwamba baadhi ya waliolala hapo walikuwa vijana, hatahitaji hotuba ndefu kuhusu thamani ya kalamu aliyonayo mfukoni.

PANYA WENYE KAZI

Baada ya huzuni hiyo ni haki watoto wachangamshwe. Katika eneo la SUA kuna kituo cha shirika la APOPO, lililofanya makazi yake Morogoro tangu mwaka 2000. Kazi ya kituo hicho ni kufundisha panya.

Mama yeyote mwenye ghala atashangaa kusikia kwamba panya anaweza kulipiwa nauli ya ndege. Lakini ndivyo ilivyo. Panya buku, ambao wakulima wetu huwajua kwa uharibifu wao, wana pua kali kupita kiasi. Hufundishwa kwa miezi mingi, tangu wakiwa wadogo, kuitambua harufu ya baruti. Kila wanapopatia husikia mlio mdogo na kupewa kipande cha ndizi au karanga. Kwa kuwa uzito wao ni mdogo, hupita juu ya bomu lililofukiwa ardhini bila ya kulilipua. Panya hao wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kamboja, katika mashamba ambayo wakulima walikuwa hawathubutu kuyakanyaga miaka mingi baada ya vita kwisha.

Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro, aligundua mabomu zaidi ya 100 nchini Kamboja, na mwaka 2020 shirika moja la Uingereza la kutunza wanyama lilimtunuku nishani ya dhahabu. Alikufa Januari 2022 akiwa amekwisha kustaafu. Wenzake wa hapa nyumbani wana kazi nyingine iliyo muhimu kwetu zaidi: hunusa makohozi ya wagonjwa na kubaini vijidudu vya kifua kikuu. Sampuli 100, ambazo mtaalamu mwenye darubini huzimaliza kwa siku kadhaa, panya mmoja huzipitia kwa dakika 20 hivi. Wagonjwa ambao vipimo vya kwanza viliwapita wamegunduliwa kwa pua hizo, wakatibiwa.

MZUMBE NA WENGINEO

Kwa anayeelekea Iringa, mwendo wa kilomita 20 na kitu kutoka mjini, kuna Chuo Kikuu cha Mzumbe. Historia yake ni funzo la peke yake. Kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, iliyofunguliwa na Waingereza kuwafundisha machifu, makarani na maofisa wa mabaraza ya wenyeji namna ya kuendesha shughuli za utawala. Kwa maneno mengine, ilikuwa ni shule ya kuwasaidia wakoloni watawale kwa urahisi. Mwaka 1972 ilibadilishwa ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho wengi bado wanakikumbuka kwa jina la IDM, na mwaka 2001 kikapandishwa kuwa chuo kikuu. Maofisa wa wilaya, wahasibu na wanasheria wengi wa nchi hii wamepita chini ya miti ya Mzumbe.

Upo pia Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichofunguliwa mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha Shirika la Umeme, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan, kilicho chini ya watawa Wakatoliki wa Salvatoriani. Msikiti na kanisa vimekutana Morogoro katika kazi moja ya kufundisha.

WALIMU WASIO NA KATIBA YA CHUO

Lau tungeishia hapo, msomaji angeona tumetaja majengo na miaka tu. Mji wa elimu haupimwi kwa wingi wa vyuo vyake. Swali la kuulizwa ni hili: elimu inayopatikana katika vyuo hivyo inamfikiaje jirani anayeishi juu ya mlima, ambaye kila siku huyaona mapaa yake akiwa amejitwika mkungu wa ndizi?

Ili kujibu swali hilo, mwandishi wa makala haya aliifuata njia ya miguu inayopanda Morningside, palipo na nyumba ya kale ya enzi za Wajerumani. Ni mwendo wa saa mbili au tatu kutoka mjini. Njiani wanashuka akina mama, migongo imenyooka, vikapu vichwani, wakielekea sokoni. Mmoja wao, baada ya kuamkiwa na kuitikia marahaba, aliuliza kwa mshangao tunapanda kufuata nini hali hatuna mzigo wowote. Kwake yeye mlima ni shamba na ni njia ya sokoni. Hajapata kuuona kuwa ni mahali pa matembezi.

Mama huyo ni Mluguru, na kwa Waluguru ardhi ya ukoo, ambao wenyewe huuita lukolo, hufuata upande wa mama. Ni jambo la kukumbuka tunapoisimulia habari ya matuta.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa serikali ya kikoloni waliitazama milima hii wakaona udongo unamomonyoka na mito inajaa matope. Katika hilo hawakukosea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliandaa mpango wa kuwalazimisha wananchi kuchimba matuta makubwa ya ngazi katika miteremko yote. Hawakuuliza. Aliyekataa alitozwa faini au alishtakiwa. Udongo mzuri wa Uluguru ni mwembamba. Matuta yale yaliufukia na kuleta juu udongo wa chini usio na rutuba. Mkulima alitoa jasho, na mahindi yakadumaa. Kazi nyingi iliwaangukia wanawake, ambao ndio wenye mashamba.

Mwaka 1955 uvumilivu ulikwisha. Wananchi walikusanyika kwa maelfu wakisema hawachimbi tena. Julai mwaka ule, huko Matombo, ghasia zilizuka, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilikuta katika vijiji vya Uluguru watu ambao hawakuhitaji kuelezwa maana ya kutawaliwa.

MBUZI WA MGETA

Sasa mgeni azunguke mlima, aifuate barabara inayochepuka jirani na Mzumbe kupanda Mgeta, upande wa magharibi. Huko kuna baridi ya sweta. Kuna kabichi, karoti, njegere, viazi, na matunda ya nchi za baridi ambayo hupelekwa hadi masoko ya Dar es Salaam. Miteremko ni mikali kiasi kwamba mtu huweza kuanguka kutoka shambani kwake hadi shambani kwa jirani.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa SUA, kwa ushirikiano na wenzao wa Norway, walipeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway. Ng'ombe hana pa kusimama katika miteremko ile, wala hana malisho. Lakini mbuzi hufungiwa bandani, hukatiwa majani, hutoa maziwa kwa watoto, na samadi yake hurudi katika bustani ya mboga. Baadaye, kupitia mradi wa maendeleo ya kilimo uliojulikana kwa jina la UMADEP, wataalamu wa chuo hicho waliendelea kufanya kazi na vikundi vya wakulima wenyewe. Hakuna askari aliyehitajika. Mkulima aliona kwa macho yake banda la jirani, akapiga hesabu, akaomba mbuzi wake. Leo mbuzi wa Mgeta wanajulikana mbali, na wafugaji wa sehemu nyingine hufika huko kununua mbegu.

Tuweke mambo haya mawili pamoja. Matuta yalikuwa ni elimu, na mbuzi ni elimu. Mlima ni ule ule, na watu ni wale wale waliodhaniwa kuwa wakaidi. Tofauti ni kwamba elimu ya kwanza ilipanda mlima na amri mkononi, na ya pili ilipanda ikabisha hodi. Huo ndio mtihani ambao kila chuo cha Morogoro, na kila kijana anayehitimu humo, hana budi kuufanya.

MAJI YA WATU WOTE

Mtihani huo haujakwisha. Juu ya mashamba kuna msitu, ambao tangu mwaka 2008 umekuwa hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 24,000. Humo wamo ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani isipokuwa Uluguru. Lakini kwa mwananchi wa kawaida msitu huo ni maji kwanza. Mto Morogoro unaopita katikati ya mji hutoka huko. Mto Ngerengere, unaojaza bwawa la Mindu linalowanywesha wakazi wa mji, hutoka huko. Mto Ruvu, ambao ndio mfereji mkuu wa Dar es Salaam, hupata maji yake mengi kutoka katika milima hiyo hiyo.

Kwa hiyo mama wa Kariakoo anapofungua bomba asubuhi, anakinga maji yaliyopita katika shamba la mama wa Uluguru. Moto ukiwashwa ovyo mlimani, bomba la Kariakoo hupata habari. Na anayeweza kuulinda msitu huo kwanza ni yule anayeishi kando yake, endapo shamba lake linamtosha. Ndiyo sababu mbuzi mmoja, miche ya matunda au mbegu bora ya maharage si mambo madogo.

KWA WAZAZI

Familia inayotaka kwenda Morogoro itenge walau siku mbili. Ya kwanza iwe ya mjini na vyuoni, yaani Mazimbu na kituo cha panya, kwa kupanga na wenyeji mapema. Ya pili iwe ya mlimani. Miezi ya Juni hadi Oktoba inafaa zaidi. Machi hadi Mei mvua hunyesha sana na njia huteleza. Watoto wavae viatu vilivyoshika mguu, wabebe sweta na maji. Anayetaka kuingia hifadhini afuate kibali na achukue mwenyeji wa kumwongoza, kwani ukungu hushuka bila ya taarifa.

Jioni, wazazi wasisahau kuwasimulia watoto habari za muziki. Huu ndio mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, na wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, bendi iliyosafiri hadi Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya mwaka 1970. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Mbaraka naye kwa ajali mwaka 1979, wote wakiwa bado vijana. Nyimbo zao zingali zinapigwa.

Mwandishi wa makala haya alipokuwa akishuka kutoka Morningside, jua lilikuwa linazama, na taa za vyuo zilikuwa zinaanza kuwaka bondeni, moja baada ya nyingine. Yule mama wa asubuhi alikuwa sasa anapanda, kikapu kitupu mkononi. Alisema ndizi zimekwisha zote, na kwamba fedha yake ina kazi: binti yake anasoma kule chini. Alinyoosha kidole kuelekea taa zile, lakini gizani haikuwezekana kujua ameonyesha ipi.